Upande wa Kugeukia

Bi Zamda alisema aliyaona kwa macho yake mawili, hakuhadithiwa na mtu. Alikuwa uani kwake, pale Ipuli, mjini Tabora, anageuza mpunga aliouanika juani, mara akasikia vishindo upande wa pili wa ua. Akachungulia kati ya mabua. Akamwona yule mtoto wa kutoka Tura, Pelagia, ameweka mpini wa jembe begani, anakwenda mwendo wa kuhesabu hatua. Mpaka hapo, alisema Bi Zamda, hapakuwa na neno. Neno lilikuja pale mtoto aliposimama, akasogea kando kama anayempisha mtu, akageuka na kutabasamu, na mbele yake hapakuwa na kiumbe.

"Hewa tupu, mwenzangu," aliwaambia wanawake waliokuwa wakingoja zamu kisimani. "Kampisha mmoja, kampisha wa pili. Nikahesabu hadi watu kumi na mmoja. Na kila alipompisha mtu, vumbi linatimka."

Siku ya pili lile vumbi lilikuwa limekwisha kuwa nyayo. Siku ya tatu nyayo zilikuwa na vidole sita sita. Bi Zamda hakuwa mwongo wa makusudi, ila habari haikuweza kulala kwake bila kutiwa chumvi. Na kila mara alimalizia kwa ushauri uleule, kwamba mtoto apelekwe akapungwe pepo kabla hao watu wake hawajamzoea.

Maneno hayo yalimfikia Katarina, shangazi yake Pelagia, aliyekuwa akimlea. Shangazi Katarina alifua na kupiga pasi nguo za misheni. Aliondoka alfajiri, akarudi jua likizama. Jioni ile alitua kikapu, akaketi kwenye kigoda, akamtazama mtoto wa kaka yake kwa muda.

"Pelagia, unacheza na nani huko uani?"

"Nacheza peke yangu, shangazi."

"Sasa unampisha nani?"

Pelagia alichezea tonge la ugali bila kulipeleka mdomoni. "Simpishi mtu. Nawaachia nafasi."

"Unawaachia nani?"

"Wale wa shule."

Shangazi alimsogezea bakuli la mboga. Alikuwa amechoka, na mikono yake ilikuwa imevimba kwa maji ya sabuni. "Haya, kula," alisema mwishowe. "Mboga inapoa."

Ni kweli Pelagia alikuwa akicheza na watu wasiokuwapo, lakini hawakuwa mashetani. Walikuwa wasichana kumi na mmoja wa darasa la nne. Yeye alimjua kila mmoja kwa jina na kwa namna anavyocheka, na hapakuwa na hata mmoja aliyemjua yeye.

Ilikuwa zamani za Mwingereza, miaka michache baada ya vita kuu ya pili, na shule bado zilikuwa chache. Huko Tura, stesheni ndogo mashariki ya Tabora ambako baba yake alifanya kazi ya reli, shule iliishia darasa la tatu. Aliyetaka la nne alipanda treni. Pelagia alipanda akiwa na miaka kumi na miwili, na furushi la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa. Akafika Tabora mwezi mzima baada ya shule kufunguliwa. Wenzake walikuwa wamekwisha kugawana madawati, vitalu vya bustani na marafiki.

Mwalimu wake aliitwa Apolinaria, mwanamke mrefu, mpole wa sauti. Mwaka ule alikuwa anawafundisha wasichana kumi na wawili ngoma ya msafara, ili waicheze siku ya wazazi. Babu yake Mwalimu alikuwa mpagazi, aliyekwenda pwani na kurudi kwa miguu mara nne, na ngoma ile ilikuwa ya wapagazi. Kila msichana alibeba mzega, yaani mti begani wenye mzigo kila ncha. Mizega yao ilikuwa fito nyepesi zenye vibuyu viwili vitupu. Walikwenda wawili wawili, kama msafara unaoingia mjini, na ngoma ilipokata ghafla wote waligeuka kwa pamoja, robo duara, wakapiga kisigino chini. Fito kumi na mbili zilizunguka kama ufito mmoja.

Kumi na wawili walikuwa wamekwisha kupatikana kabla Pelagia hajafika. Wasiocheza waliamriwa kwenda nyumbani kengele ikilia. Pelagia alikwenda nao hadi kona ya bustani, hapo akainama kufunga kamba ya kiatu asichokuwa nacho, wenzake wakapita. Kisha akajibanza nyuma ya ua wa mabua ya mtama. Kutoka pale aliuona msafara wote ukimjia usoni.

Kwa wiki tatu hakukosa hata siku moja. Alisikia kila neno la Mwalimu.

"Mwili kwanza," Mwalimu aliwaambia. "Mgongo unafanya nini? Shingo inafanya nini? Mpagazi akilegeza shingo, mzigo unamtawala. Halafu jiulize, uko wapi? Kati yako na mwenzako ni mkono mmoja, si zaidi. Nafasi hiyo ni ya ngoma, usiimalize."

Siku nyingine aliwafundisha muda. Aliwaketisha chini wote, wakapiga makofi tu, pole pole, kisha haraka, kisha wakanyamaza pamoja. "Kunyamaza nako kuna hesabu yake," alisema. Siku nyingine ikawa nguvu: namna ya kukanyaga kama mtu aliyetoka safari ya mbali, na namna ya kukanyaga kama mtu aliyeona mapaa ya kwao. Hatua ilikuwa ileile, ila uzito ulikuwa tofauti.

"Na la mwisho," alisema Mwalimu, "ukicheza, uko na nani? Hilo msilisahau. Mwenye mguu mzuri asiyejua yuko na nani, huyo anajitingisha tu."

Pelagia alikwenda na maneno hayo hadi uani kwa shangazi yake. Mwili aliuweza, na muda aliupiga kwa ulimi. Lile la mwisho ndilo lililomshinda, kwa hiyo akawaweka watu pale ambapo hawakuwapo, mmoja mmoja, mkono mmoja kati yao, akaanza kutembea nao. Hayo ndiyo aliyoyaona Bi Zamda.

Bi Zamda alikuwa na binti, Batuli, darasa moja na Pelagia, na mmoja wa wale kumi na wawili. Kwa kinywa cha Batuli habari za uani zilifika shule.

"Pelagia, wenzio hawajambo?" waliuliza wasichana bombani.

"Waambie waje watusaidie kuchota, si wako wengi?"

"Wasije bwana, vidole sita vitavunja ndoo."

Batuli mwenyewe hakucheka sana. Aliangalia pembeni. Lakini asubuhi, kila alipofungua mlango na kumwona Pelagia njiani, alirudi ndani kana kwamba amesahau kitu, mpaka Pelagia apite.

Ikatokea wiki ya siku ya wazazi, Jumatatu, msichana mmoja kati ya kumi na wawili akaugua surua. Mwalimu Apolinaria alisimama mbele ya darasa na uso wa mtu aliyepotelewa.

"Siku ya wazazi ni Jumamosi," alisema. "Yupo mwingine anayeijua ngoma hii, hata kidogo?"

Mkono wa Pelagia ulinyanyuka kabla yeye hajakubaliana nao.

"Wewe, Pelagia? Umejifunza wapi?"

Darasa zima liligeuka. Jibu la kweli lilikuwa jepesi: nimejifunza nyuma ya ua wa bustani, Mwalimu. Lakini Pelagia alijiona pale kwenye mabua, akichungulia kama mbuzi kwa wiki tatu, na akayaona macho ya wenzake yakijiandaa kucheka.

"Bibi yangu alinifundisha," alisema. "Huko Tura."

Uso wa Mwalimu ulichangamka. Misafara ya zamani ilipiga kambi Tura kabla ya kuingia Unyanyembe, nchi ya Tabora yenyewe, hilo alilijua kwa babu yake. "Basi umetoka penyewe. Bibi yako anakumbuka ngoma yote?"

"Anakumbuka, Mwalimu."

Bibi yake alikuwa amekufa kabla Pelagia hajazaliwa.

Alasiri ile alipewa mzega wa yule mgonjwa, akapangwa jozi ya mwisho, upande wa kulia wa Batuli. Pelagia aliuweka mzega bega la kushoto, kama alivyozoea uani.

"La kulia," Mwalimu alimwambia, akamhamishia. Pelagia akaona ajabu kidogo, lakini hakuuliza. Anayefundishwa na bibi haulizi bega.

Mwalimu aliketi na ngoma yake mbele ya msafara, macho kwa jozi ya kwanza. Wakaanza kutembea. Pelagia alisikia pumzi ya Batuli kando yake, na kishindo cha miguu mingine kikigonga pamoja na chake. Ngoma ikakata. Wakageuka.

Wote waligeukia kulia. Pelagia aligeukia kushoto.

Fito mbili zilikutana kwa kishindo. Kibuyu cha Batuli kilipasuka, ncha ya mti ikamgonga shavuni, akaanguka kwa kiwiko. Wa mbele waligeuza shingo wakati yote yamekwisha. Hakuna aliyeona chochote isipokuwa Batuli chini na Pelagia amesimama.

"Nani amekosea upande?" aliuliza Mwalimu.

Pelagia hakuwa na hakika. Mambo yalikuwa yamekwenda mbio. Lakini alisema kama mwenye hakika.

"Mimi nimegeuka kama bibi alivyonifundisha, Mwalimu."

"Mimi nimegeuka kulia," alisema Batuli. Alikuwa ameshika shavu.

"Batuli, wiki iliyopita nimekusahihisha mara mbili," Mwalimu alisema. Hakusema kwa ukali. "Nenda ukaoshe kiwiko. Upumzike. Nitamtafuta mtu wa kushika nafasi yako, siku zimebaki chache."

Batuli aliokota vipande vya kibuyu kimoja kimoja, akavitia kwenye upindo wa sketi yake, akaondoka.

Jumanne hapakuwa na mazoezi, Pelagia akarudi nyumbani mapema. Akiwa anafagia alisikia sauti upande wa pili wa ua, akachungulia, kama Bi Zamda alivyokuwa akimchungulia yeye. Batuli alikuwa uani kwao na fimbo begani, amempa Pelagia mgongo. Anatembea hatua nane, anasimama, anageuka. Anatazama mguu wake. Anarudia.

"Acha basi, Batuli," Bi Zamda alisema kutoka jikoni. "Nimekwambia hukukosea. Wale watu wa mtoto yule ndio waliokusukuma."

"Hakuna aliyenisukuma, mama. Mimi nilijua nimegeuka kulia." Alitazama mguu tena. "Labda sikugeuka."

Pelagia alisimama na ufagio mkononi. Jumatatu mambo yalikwenda mbio; sasa ndiyo mara ya kwanza alikuwa anaitazama ngoma ile kwa nyuma bila haraka. Batuli alitembea, na miguu ya Pelagia yenyewe ikamfuata taratibu upande wake wa ua, sita, saba, nane, kata. Batuli akaenda kulia. Pelagia akaenda kushoto.

Akarudia. Ikawa vilevile.

Hapo ndipo akaelewa. Wiki tatu zile msafara ulikuwa ukimjia usoni. Mkono wao wa kulia ulikuwa upande wake wa kushoto. Bega lao la kulia yeye alilichukua kushoto, na walipogeuka kulia yeye alikwenda kushoto. Alikuwa ameishika ngoma yote, kila hesabu na kila kisigino, na ameishika kinyume. Asingejifunza kwa kujificha, mtu yeyote angemwambia simama nyuma, usisimame mbele.

Jumatano aligeuka kulia. Haikumpa shida. Alikuwa na mwili mwepesi kushika, na ukishajua upande, mengine yanafuata. Kando ya Pelagia, Mwalimu alikuwa amemweka msichana mmoja wa darasa la tatu. Fito kumi na mbili zikazunguka, hazikugusana.

"Simameni," alisema Mwalimu. "Tazameni shingo ya Pelagia. Tazameni anavyojua alipo mwenzake bila kumwangalia. Hivyo ndivyo ninavyotaka."

Wasichana wakamtazama. Mmoja akamsogezea maji. Mwingine akauliza kama bibi yake anajua na nyimbo. Hakuna aliyetaja vidole sita. Pelagia alikuwa amelitamani jambo hili tangu siku aliposhuka kwenye treni, na sasa limekuja lote kwa pamoja, na angelibaki nalo kwa kunyamaza tu. Mguu umekwisha kunyooka. Kibuyu kimekwisha kupasuka. Hakuna aliyeona.

Alikunywa yale maji. Yalikuwa matamu, ila hayakushuka vizuri. Kila alipofumba macho alimwona Batuli akitazama mguu wake mwenyewe kama anayeuliza ni wa nani.

Wenzake walipoondoka, alirudi darasani. Mwalimu Apolinaria alikuwa anafuta ubao.

"Mwalimu, Batuli aligeuka kulia."

Mwalimu aligeuka na kitambaa mkononi.

"Mimi ndiye niliyekwenda kushoto. Na bibi yangu hakunifundisha. Hata simjui."

"Ni nani aliyekufundisha?"

"Wewe, Mwalimu." Akaeleza habari za kamba ya kiatu na ua wa mabua, maneno yakimtoka bila mpango. Mwalimu hakumkatiza. Alipomaliza, Mwalimu alimsimamisha mbele yake, uso kwa uso.

"Nifuate," akasema, na akageuka kulia kwake. Pelagia akamfuata kwa macho, akaenda kushoto. "Sasa njoo nyuma yangu. Nifuate." Safari hii wote wawili walikwenda upande mmoja.

Mwalimu aliketi kwenye dawati la mbele, dogo kwa mtu mrefu kama yeye, magoti yakiwa juu. "Wiki tatu umesimama kwenye mabua," alisema. "Na mimi nilikuwa hapo, sikukuona." Akakikunja kile kitambaa. "Kukosea upande sikuadhibu. Hata babu yangu, aliyeipokea ngoma hii njiani, lazima alikosea upande siku ya kwanza. Lakini ulikuwa huna hakika, ukasema kama mwenye hakika, na mwenzako akalipia. Tena umekwisha kujua, ukacheza siku nzima."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kesho utayasema mbele ya wote. Lakini leo, kabla jua halijazama, utayasema nyumbani kwa Batuli. Asikie kwanza yeye."

Pelagia alimngojea shangazi yake mlangoni, akamweleza. Shangazi Katarina hakuvua hata kitambaa cha kichwa. "Twende," alisema.

"Hodi."

"Karibuni, karibuni." Bi Zamda alitandika mkeka, macho yake yakimtazama Pelagia mbele na nyuma, kana kwamba anahesabu walioingia naye.

"Shikamoo, Bi Zamda."

"Marahaba, mwanangu."

Batuli alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Shavuni alikuwa na alama ya buluu. Pelagia alipiga magoti kwenye ncha ya mkeka, akasema yote, na aliona ni vigumu kuliko mbele ya Mwalimu, kwa sababu Batuli hakuacha kuchambua mchele.

Bi Zamda ndiye aliyezungumza wa kwanza. "Kwa hiyo siku ile nilipokuona, hukuwa unampisha mtu?"

"Nilikuwa naacha nafasi, Bi Zamda. Ya wenzangu wa shule. Na Batuli alikuwemo."

"Mimi nilikuwemo?" Batuli aliinua kichwa.

"Jozi ya mwisho. Upande wa kushoto."

Shangazi Katarina alikohoa. "Na vile vidole sita, jirani?"

"Aa, vidole waliviongeza watu," alisema Bi Zamda, akinyoosha kanga yake. "Watu wa kisimani hawa, ukiwapa moja wanafanya kumi. Mimi nilisema tangu mwanzo, huyu ni mtoto mpweke tu."

Batuli aliweka ungo chini. "Siku tatu," alisema. Alisema taratibu, akimtazama Pelagia. "Siku tatu nimekuwa naangalia mguu wangu kama wa mtu mwingine. Mama anasema nimesukumwa, Mwalimu anasema nimekosea, na mimi sijui. Ungesema siku ileile, ningekucheka, basi. Ingekwisha."

"Nisamehe, Batuli."

"Nimekusikia," alisema Batuli, akachukua ungo wake.

Alhamisi Pelagia alisimama mbele ya wasichana wa ngoma, akasema kwa sauti iliyofika nyuma. Baadhi waliguna. Mmoja alisema chini chini, "Kumbe bibi mwenyewe ni wa mabua," wenzake wakacheka kwa pua. Pelagia aliusogeza mzega wake ukutani, akaanza kwenda kwenye njia ya nyumbani.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Mwalimu.

"Si nimetolewa, Mwalimu?"

"Nani amekutoa? Rudi." Mwalimu alimwita na Batuli, akawasimamisha jozi ya mwisho, kama Jumatatu. Yule wa darasa la tatu alipewa kazi ya kupiga njuga. Kisha Mwalimu akasema nao wote.

"Nitawaambia jambo, mlishike. Ngoma ninaweza kuwafundisha. Nikisema nyoosha shingo, utanyoosha. Nikisema mkono mmoja kati yako na mwenzako, utaupima. Muda nitawapigia. Pelagia alikuwa ameshika kinyume, akajisahihisha kwa siku moja, mmemwona. Lakini alipomsingizia mwenzake, alivunja kitu ambacho sina ngoma ya kukifundisha. Batuli alikwenda sawa, tukamwambia amekosea, na mimi nikiwemo. Batuli, nilikuhukumu bila kuona. Nisamehe." Batuli aliinamisha kichwa. "Mtu akiwa kando yako anakuamini kwamba hutamgonga, na ukimgonga, kwamba utasema ni wewe. Usiposema, hata ukicheza vizuri namna gani, anacheza peke yake na wewe unacheza peke yako. Pelagia amesema, ingawa amechelewa. Nafasi kwenye msafara nimempa mimi, kwa sababu anaijua ngoma. Imani ya wenzake hiyo siigawi. Ataitafuta mwenyewe, kwa kusema kweli leo, na kesho, na siku ambayo hakuna anayemtazama. Na ninyi mnaoguna, mlimwona mgeni amesimama peke yake mwezi mzima. Jiulizeni nani kati yenu alimsogezea nafasi."

Mwalimu akachukua ngoma.

Jumamosi wazazi walijaa chini ya kivuli cha nyumba ya shule. Shangazi Katarina aliomba ruhusa, akaja na mikono yake iliyovimba. Baba yake Pelagia hakuja. Zamu haikumruhusu, alituma neno kwa mfanyakazi mwenzake wa treni. Bi Zamda aliketi mbele kabisa, akiwaeleza waliomzunguka kwamba yule wa jozi ya mwisho ni mtoto wa jirani yake, alianza kujifunza uani, yeye mwenyewe aliona.

Msafara uliingia. Fito kumi na mbili, vibuyu ishirini na vinne. Ngoma ilipokata, zote ziligeuka kulia, visigino vikapiga, na wazee waliokuwa wakizungumza wakanyamaza. Mzee mmoja alisimama, akaweka mkono begani mwake mahali ambapo hapakuwa na mzigo.

Pelagia alicheza ngoma yote na Batuli kando yake. Kati yao palikuwa na mkono mmoja, kama walivyoamriwa. Walipumua pamoja, walikanyaga pamoja. Hakuna hata mara moja Batuli alipomtazama usoni, na hakuna mahali katika ngoma palipomtaka amtazame.

Baadaye watu walitawanyika. Batuli alitangulia kwenye njia ya kwenda Ipuli. Mama yake alikuwa amebaki nyuma na wanawake, anasimulia. Pelagia alimfuata kwa mbali, kisha akaongeza mwendo mpaka akamfikia.

"Batuli."

Batuli alisimama, lakini hakugeuka.

"Jumatatu asubuhi nikupitie? Twende shule pamoja."

Batuli aliitazama njia iliyokuwa mbele yake. Alishusha ufito kutoka begani, akaushika kwa mikono miwili, vibuyu vikagongana kidogo, vikatulia. Jibu lilikuwa la Batuli, na Pelagia alijua haliwezi kuharakishwa. Alisimama palepale, akangoja.